Tairi Moja Moja Nyuma

Mama Paskazia,

Nimeondoka ukiwa bado kisimani. Nakwenda Kimwani kumleta binti yetu. Uji wa mjukuu uko jikoni, umefunikwa.

Asubuhi umenigombeza kwamba nimeliharibu lori tulilouziwa na jeshi baada ya vita, kwa kuvua matairi mawili mawili ya nyuma na kufunga matairi mapana ya rediali, moja kila upande. Umesahau mwaka jana tulipomfuata mwanetu Kristofa? Tope lilijaa katikati ya yale matairi, tukalala njiani, na tulipofika kaka yake Paskazia alikuwa ameshakata roho. Tairi likiwa moja, tope halina pa kujibana. Fundi Burhani kaniambia nisipakie mzigo mzito. Nimemjibu kwamba nakwenda kubeba mtu mmoja tu, naye amebaki mifupa.

Tandika kitanda cha chumba cha mbele. ~~Mwambie jirani Pastory asafishe pale migombani, kando ya kaburi la Kristofa.~~ Pastory usimwambie kitu.

Nyuma ya nyumba nimeziona nyasi ulizokata za waombolezaji kulalia. Paskazia bado anapumua. Wape mbuzi wazile.

Baba Paskazia