Fulu Wako Bado Wanapumua

Mpendwa Baba Akinyi,

Bahasha hii sikuitia gundi. Nimeona nimwondolee mtu wa njiani taabu ya kuifungua kwa mvuke wa birika na kuibandika tena vibaya, kama ile ya mwisho kutoka kwenu ilivyonifikia. Na asome. Ni mambo ya samaki, na ya mke na mumewe. Akiona haya katikati, aikunje aipitishe mbele.

Ndugu yako alipita hapa Eldoret juzi akitoka kwenu. Alikunywa chai, akazungusha maneno mpaka chai ikapoa, ndipo akasema unashinda nyuma ya nyumba ya mama yako umeligeuzia ziwa mgongo. Hushuki ufukweni. Kuoga unajipangusa na kitambaa. Nilipomuuliza kama umenituma neno lolote, akasema ni lile lile ulilolisema ulipoondoka, kwamba samaki niwamwage.

Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo Langas kununua makaa na kurudi. Sasa kaa nikujibu.

Unajua mimi nilikotoka. Kwetu mlimani nyanya yangu alikuwa akimwita samaki nyoka wa majini, na alikufa bila kumwonja. Wewe ndiye uliyenikalisha mezani ukanifundisha kumla kwa vidole na kutema mifupa bila kujiaibisha mbele ya mama yako. Nikajifunza, nikapenda, nikawa naambiwa na wenzangu nimekuwa Mjaluo kuliko Wajaluo. Halafu siku moja unarudi kutoka kwenu na ndoo yenye mfuniko uliotobolewa matundu. Nimekwisha weka sufuria motoni, nimekata nyanya, nawe unasema, "Hawa si wa kula, Mama Akinyi." Nilikuuliza umeniletea wageni au mboga. Ulicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni.

Ulipomaliza kucheka ulinieleza, na uso wako ukabadilika. Hawa ni fulu, ulisema, wadogo kama kidole, wa rangi rangi, na ulipokuwa mtoto walikuwa wengi hata hukuwahesabu kuwa ni samaki. Sasa mbuta, yule mkubwa aliyetiwa ziwani, alikuwa anawamaliza, na wavuvi wa kwenu walikuwa wakikaa siku nyingi bila kuwaona wavuni. Ulisema ukiwa na hawa nyumbani, kwenu hakujaisha. Sikukuelewa vizuri siku ile. Niliona tu mume wangu anataka kulia kwa sababu ya vitu ambavyo paka angevimaliza kwa mara moja.

Baridi ya hapa ndiyo ilikuwa adui wa kwanza. Fulu wa ziwani hawaijui Eldoret ya mwezi wa saba. Ukatumia ufundi wako wote wa umeme, ule uliokuwa ukifungia mashine za kiwanda cha nguo, ukatengeneza kijiti cha umeme, ndani ya bomba la kioo, cha kupasha maji ya tangi lao. Kichungi ukakitengeneza kwa chupa ya juisi, sponji ya godoro letu na changarawe ya mto Sosiani niliyoiosha mimi mpaka mikono ikafa ganzi. Godoro lile lina shimo mpaka leo, upande wako. Pampu ya hewa uliinunua mjini, ndogo kama nusu mkate, na ukaipigilia rafu juu ukutani. Nilikuambia iweke chini, inapiga kelele. Ukasema pampu ikikaa chini kuliko maji, umeme ukikatika maji yatarudi kwenye mpira wa hewa na kuiua. Lazima ikae juu. Na ukuta wenye nafasi ulikuwa mmoja tu, ule tunaogawana na jirani.

Pazia nalo. Jua likiingia maji yanageuka kijani, kwa hiyo pazia la mbele likawa halifunguliwi mchana kutwa. Na Jumamosi alikuwa akija yule mwalimu wa chuo kikuu, kutoka kule njia ya Kesses, kuchukua vichungi ulivyomtengenezea matangi ya wanafunzi wake. Ulimfungia kwenye gunia ili vioo visigongane. Mtu anaingia mikono mitupu, pazia limefungwa, mashine inanguruma, mtu anatoka na gunia. Sisi tuliokuwa ndani tuliona samaki. Hatukujiuliza hata siku moja mtu wa nje anaona nini, na mwaka wenyewe ulikuwa ule wa karatasi za siri za kuipinga serikali kuokotwa barabarani asubuhi na watu kuogopa hata kuziinamia.

Askari kanzu walipokuja ilikuwa mchana, nasonga ugali. Makoti marefu, viatu safi. Walipita moja kwa moja mpaka ukutani kwenye rafu, kama watu waliochorewa ramani.

"Hii mashine ni ya nini?"

"Ni ya hewa, afande. Ya samaki."

Yule mkubwa wao alilitazama tangi, akakutazama wewe, akakuuliza jina la baba yako. Ukamtajia.

"Mjaluo gani huyo anafuga samaki bila kula? Unatuona sisi wajinga?"

Hapo nilikumbuka kuwa ni swali nililokuuliza mwenyewe siku ya ndoo. Kweli yenyewe ilikuwa haiaminiki. Walipekua mpaka kwenye unga wakitafuta wino wa kuchapia karatasi zile. Hawakupata, na watu kama wale hawarudi mikono mitupu. Wakabeba pampu, wakabeba kijiti cha kupasha maji, wakakubeba wewe.

Samaki walianza kupanda juu kabla ugali haujapoa, midomo imetokeza, wanatafuna hewa. Akinyi ndiye aliyechukua jagi. Alikuwa amekuona ukifanya hivyo umeme ukikatika: chota, inua juu, mimina, ili hewa iingie majini. Tulipokezana, mimi na yeye. Tukaacha chupa za maji moto zielee juu ya maji kama maboya ili yasipoe. Wengine walikufa, na tuliwazika nyuma ya choo kwa sababu Akinyi alikataa watupwe. Siku moja akiwa na jagi mkononi aliniuliza kama mahali ulipo kuna dirisha. Nilimwambia lipo.

Jirani wa ukuta alikuja siku ya tatu au ya nne. Akasimama mlangoni, akatazama jagi likipanda na kushuka. "Kumbe ni samaki," akasema. Nikaendelea kumimina. Kesho yake tulikuta debe la makaa mlangoni. Nilitaka kulimwaga barabarani, Mungu anajua. Lakini maji yalikuwa yanapoa, nikayawasha. Mpaka leo hunisalimia asubuhi, nami huitikia, na hatujawahi kuongea zaidi ya hapo.

Halafu ukarudi. Umekonda, viatu mkononi. Nyayo zako zilikuwa nyeupe, ngozi inabanduka kama mikono ya mwanamke aliyefulia watu wiki nzima. Akinyi alikuvuta kwenye tangi akuonyeshe waliobaki, na mimi kwa furaha nikachukua jagi nikachota, nikainua, nikamimina. Maji yalipolia ukageuka ukatoka nje. Nilikukuta umeegemea ukuta, umeziba masikio. Nilitazama miguu yako nikajua walikusimamisha ndani ya maji. Wewe, mtu wa maji! Hata sasa nikiandika hapa kalamu inataka kutoboa karatasi, na huyo anayesoma njiani na aone mahali ilipotoboa.

Kiwandani walikuwa wamempa mtu mwingine kazi yako. Ukasema unakwenda kwenu kupumzika kidogo, ukasema niwamwage, ukaenda. Nimekusubiri kimya. Niliogopa kwamba nikisema neno litakuumiza, au litamfikia mtu wa kumuumiza Akinyi.

Sasa sikia kilichotokea mwezi huu. Nilinunua pampu nyingine. Nimeiweka juu ya rafu ile ile, ukuta ule ule, na anayetaka kuisikiliza aisikilize. Kisha jike mmoja akaacha kula. Shavu limevimba, mdomo ameufunga, nikitupa chakula anakimbilia kona. Nikasema huyu naye anakwenda. Siku nyingi alikaa hivyo, akikonda. Halafu Jumapili baada ya kanisa Akinyi akapiga kelele, nikakimbia, nikaona jike amefungua mdomo na watoto wanatoka, wadogo kama mbegu za mtama, na kivuli changu kilipoanguka juu ya kioo wakarudi wote ndani na mdomo ukafungwa. Hukuwahi kuniambia fulu hulea hivyo. Nilikaa sakafuni nikalia, kwa sababu nami nimekaa hivyo tangu uondoke, mdomo umejaa, sili, sisemi.

Basi nimesema. Pazia nimelifungua pia. Maji yamekuwa kijani kama mchicha na kila jioni nasugua kioo, lakini anayepita aone.

Neno lako nimelipata, Baba Akinyi, na mimi ni mkeo, sikuvunjii heshima. Ila kuwamwaga sitawamwaga. Hawa hawamwagwi kwa kutuma mtu. Ukiona lazima, njoo wewe, kunja mkono wa shati, utie mkono majini, uwatoe mmoja mmoja. Nitakushikia ndoo. Na ukishindwa kuutia siku hiyo, tutakaa tu pamoja, tungoje mpaka uweze.

Mimi mkeo ninayekushikia ndoo,
Mama Akinyi