Dawa za Yaya Kutoka Kalemie

Muscat

Mama yangu, shikamoo. Kichwa kimepoa? Na ule mguu, unakanyaga? Mimi mwili mzima, ila roho iko juu tangu mdogo wangu Zuhura aniambie umeanguka.

Barua hii atakusomea yeye, na nimemwapisha asiruke hata neno. Kwenye simu nikitaja dawa tu unasema mtandao mbaya, unakata. Haya, na karatasi ikate!

Mama, picha za vidonge vyako nimempelekea mfamasia wa mtaani kwetu hapa. Akatazama boksi la hospitali, akatazama na lile la Kifaransa alilokuletea Mama Mkubwa, Yaya wako, kutoka Kalemie. "Anakunywa zote?" Nikamwambia ndiyo, hizi asubuhi, zile jioni. Akashika kichwa. Ni dawa ileile ya presha, Mama! Majina tu ndiyo tofauti. Kwa umri wako ikizidi hivyo, presha inashuka mno, ukiinuka unapata kizunguzungu. Ndiyo maana ulipoinuka kwenye mswala ukaenda chini. Hujarogwa na mtu.

Halafu daktari kakuuliza kama unatumia dawa nyingine, ukasema hapana! Mliporudi nyumbani Rusimbi, Zuhura akakuuliza mbona umeficha. Ukamjibu, "Zile si dawa, ni zawadi ya Yaya. Dada yangu kavuka nazo ziwa, nikamwaibishe kwa daktari?" Nilicheka, kisha nikalia palepale jikoni kwa watu, mpaka tajiri wangu akaja kuuliza nimeungua nini.

Nakuomba, mama yangu, nakuomba sana. Za Yaya usimeze tena. Za hospitali usiziache kwa hasira, nazo kuziacha ghafla ni hatari. Zuhura akimaliza kusoma, vaeni mwende na maboksi yote mawili, daktari aone kwa macho yake.

Nisalimie Baba Mdogo wa Bangwe, na bibi jirani anayekuletea dagaa.

Na lawama za Yaya usiziogope, nimeshampigia mwenyewe. Nilidhani simu imekatika, kumbe analia. Anapanda boti ya kwanza atakayoipata. Mama, akukute barazani, mgombane mpaka mchoke. Asikute turubai la msiba limefungwa uani.

Ni mimi mwanao, ninayeogopa simu ikiita,
Mwajuma