Sauti ya Masunga Haikutusubiri

Jumapili, Bariadi. Vumbi limeamka kabla yangu. Upepo wa mwezi huu wa nane hauna adabu, umeingia hadi kwenye kikombe cha chai. Pamba imeshauzwa, mashamba yamekauka, na mimi sikwenda kanisani. Nilimwambia mama kichwa kinaniuma. Kichwa hakiumi.

Jana tulipiga muziki Dutwa. Tulishindwa, na watu wamekuwa wakinipa pole ya kushindwa tangu asubuhi. Hawajui kinachonisumbua.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia bila yeye kuniangalia kwa huruma, na huruma nimeshashiba.

Kama umeingia hapa bila kunijua, mimi ni Kabula, mwenye steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nauza madaftari. Mwisho wa wiki napiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki. Ndiyo, roki, Bariadi hii hii. Mama mkubwa anasema tunachopiga ni mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Tulikuwa watatu: Luhende kwenye dramu, mimi kwenye besi, na kaka yangu Masunga aliyeimba na kupiga gitaa la solo.

Masunga alifariki wakati wa palizi. Aliugua siku nne tu.

Alituachia rekodi moja. Tuliifanya mwaka jana kwenye studio ya hapa mjini, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Fundi hakutaka tupige pamoja. Alituingiza mmoja mmoja kama wagonjwa kwa daktari, kila mtu na spika za masikioni, na mdundo wa kompyuta unaogonga tik tik tik ili asikimbie wala kuchelewa. Masunga alitoka mle amenuna. Alisema ameimba akiangalia trei za mayai na trei hazikupiga kelele hata moja. Nilimcheka. Tulipoisikiliza ilikuwa safi sana, kila kitu mahali pake, na nakumbuka nilijiuliza mbona sisikii nywele zikinisimama.

Mtu ambaye hajawahi kumwona Masunga uwanjani hawezi kunielewa. Huku kwetu vikundi vya ngoma hushindana kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hiki kinapiga upande huu, kile upande ule, na watu wanakimbilia kunakonoga. Hakuna majaji. Mwenye watu wengi jua linapoinama ndiye mshindi. Marehemu baba alikuwa mchezaji ngoma, na aliposhindwa alikuwa anaweza kumaliza wiki bila kusema na mtu. Masunga ndiye aliyeshikia bango kwamba bendi za magitaa nazo zishindane hivyo hivyo. Watu walimwona chizi, halafu wakaja kwa mamia.

Alikuwa anaimba huku anaangalia miguu ya watu. Kweli, miguu. Alisema uso unaweza kukudanganya, ila mtu anayetaka kuhama vidole vyake vinageuka kwanza. Akiona vidole vimeanza kugeuka anakata shairi katikati, anapandisha gitaa mpaka meno yanauma, au anasimamisha kila kitu na kuuliza, "Mpo?" Kisha anasubiri. Watu wanajibu, "Tupo!" Haitoshi, anasubiri tena. Kuna siku alisubiri mpaka Luhende akachoka, akagonga sahani ya dramu kumwamsha, uwanja mzima ukacheka. Mimi nikiwa na besi yangu sikujua tunaingia lini tena, na tungeweza kuharibu mbele ya watu wote. Hatukuharibu mara nyingi. Lakini tungeweza, na kila aliyesimama pale alilijua hilo na kulishikilia pamoja nasi.

Hicho ndicho kilichokosekana kwenye rekodi. Kwenye rekodi wimbo unajua utaishia wapi.

Sasa niungame. Fundi aliacha ule ukimya baada ya "Mpo?" jinsi Masunga alivyouacha, mrefu. Mimi ndiye niliyemwambia aukate. Nilisema redio hazitaupiga, watadhani mtambo umeharibika. Aliubakiza kidogo tu, pumzi moja, halafu sauti ikaendelea. Masunga alipousikia alinitazama, akasema, "Wewe dada, umenifanya niwe na haraka." Akaondoka kwenda kunywa soda.

Baada ya msiba nimeisikiliza rekodi hiyo kila siku. Iko kwenye laptopu ya steshenari, katikati ya barua za watu. Kabla ya ubeti wa kwanza unamsikia anavuta pumzi. Mteja anasimama mbele yangu akitaka kopi tano za cheti, na mimi nasikiliza pumzi ya marehemu kwenye sikio moja. Siwezi kusema ilinifariji. Ilinipa kitu kama uraibu.

Kwa hiyo mwaliko wa Dutwa ulipokuja, wazo lilikuwa langu, siwezi kumsingizia mtu. Kwa vile tulirekodiwa mmoja mmoja, sauti yake na gitaa lake viko peke yavyo. Nilimwambia Luhende tutavitoa kwenye laptopu, sisi tupige vyetu juu yake. Luhende akasema, "Kama wewe unaweza, na mimi nitaweza." Hakulipenda wazo. Alilikubali kwa ajili yangu.

Jana saa tisa alasiri tukaanza. Bendi ya wenyeji wa Dutwa upande wa barabarani, sisi upande wa ghala. Pale mbele tuliweka maikrofoni kwenye stendi yake, bila mtu. Mimi ndiye niliyesema tuiweke.

Pumzi yake ikatoka kwenye spika kubwa. Halafu sauti.

Watu walikuja mbio! Waliacha upande wa wenzetu, wenye baiskeli wakatupa baiskeli, akina mama wakainua khanga wakakimbia. Kwa dakika moja hivi nilihisi nimemrudisha. Kisha waliofika mbele wakaona maikrofoni haina mtu, wakasimama ghafla, na wa nyuma wakawagonga. Wanaoijua ngoma ya kwetu wanajua kinachosemwa kikundi kikivuta watu haraka namna ile. Wanasema kina dawa. Enzi za uhai wake walimsema hivyo hivyo na yeye alicheka tu. Jana nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, bila hata kunong'ona, "Wamemwamsha." Akajishika kifua, akarudi nyuma hatua mbili.

Sikukasirika. Hata mimi nilikuwa natumaini hivyo hivyo.

Tukafika pale. Masunga akauliza, "Mpo?"

Wakajibu. Pamoja na woga wao, wakajibu kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia, kama watu waliokuwa wameibana kooni tangu siku ya mazishi. "Tupo!" Na kabla hawajamaliza neno, yeye alikuwa ameshaendelea. Aliimba juu yao. Pumzi moja, kama nilivyoagiza.

Mzee mmoja aliyesimama mbele na fimbo yake alisema, "Huyu hatusikii." Alisema taratibu tu, kama mtu anayesoma kibao.

Miguu ikaanza kugeuka. Niliiona. Nilikuwa sijawahi kuitazama, hiyo ilikuwa kazi yake, lakini jana niliiona ikigeuka mstari kwa mstari, na yeye akazidi kuimba kwa raha ile ile, bila kupunguza, bila kuongeza. Luhende alikuwa anaufuata mdundo wa kompyuta masikioni mwake, macho ameyafumba, machozi yanamtoka. Niliona aibu ambayo sina jina lake. Siku ile ya mazishi kijijini Kalemela nilimwona kaka akifukiwa. Lakini kwamba hayupo, nililijua jana.

Mama alikuwa amekuja. Sikumwalika, alipanda basi mwenyewe. Alipita katikati ya watu mpaka nilipo, akanishika kiwiko.

"Zima hiyo, ng'wanawane," alisema kwa Kisukuma chake, yaani mwanangu. "Anaita watu halafu hawasikilizi. Mwanangu hakuwa na kiburi hicho."

Nikachomoa waya. Spika zilitoa mshindo mmoja mbaya, halafu zikanyamaza. Luhende alifumbua macho, akanitazama, akavua zile spika za masikioni na kuzitupa chini. Hakuacha kupiga. Alipunguza tu, akabaki na dramu kubwa, akinisubiri.

Mimi si mwimbaji. Nina sauti ya kukemea wateja. Nilikwenda kwenye ile maikrofoni kwa sababu ningebaki pale nilipokuwa ningeanguka. Niliimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini kuliko yake, wa pili nikausahau, nikarudia wa kwanza. Kuna mtu alicheka. Nikarudia tena. Nikauliza, "Mpo?" na sauti ikanikatikia, wakajibu wachache, ovyo ovyo. Nikasubiri. Sikujua nasubiri nini. Nikatazama miguu. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alikuwa amegeuza mguu mmoja, mwingine bado uko kwangu, na mimi nikautazama huo mguu kama maisha yangu yote yako pale. Hakuondoka. Akasema, "Tupo, binti, endelea basi!" Watu wakacheka, mimi nikacheka ndani ya maikrofoni, na Luhende akaingia kwa nguvu mpaka nikausikia mshindo wake kwenye mbavu.

Sijui jinsi ya kuandika kilichofuata. Tulikosea. Tulikimbia, tukachelewa, nilipiga besi sehemu isiyokuwepo kwenye wimbo na Luhende akaifuata. Waliobaki walikuwa hawajazi hata robo ya uwanja, lakini walikuwa wanaruka, vumbi mpaka magotini, na nywele zangu zote zilisimama. Nilikuwa na furaha. Naiandika hapa ili nisije nikaikana: nilikuwa na furaha kubwa.

Wimbo ulipoisha niligeuka kushoto. Masunga alikuwa anasimama kushoto kwangu, na kila tukimaliza ananikonyeza. Niligeuka kutafuta jicho lake. Palikuwa na jenereta na kidumu cha mafuta.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu nilipochomoa waya mpaka noti ya mwisho, sikumkumbuka hata mara moja.

Miezi yote hii hakuna saa iliyopita bila yeye. Nikikata karatasi yupo, nikila yupo. Nimemsikiliza kwenye ile rekodi kila siku, tena mara mia kwa siku, na hakuwahi kutoka kichwani. Na wimbo mmoja mbovu, mbele ya watu wachache, ulimtoa kichwani kabisa.

Mchana huu Luhende amepita. Tumealikwa Lamadi Jumamosi ijayo. Aliuliza kama nitabeba laptopu, nikasema hapana. Akauliza nani ataimba, nikasema mimi. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake, hakutaka hata chai.

Nimeshaanza kuukariri ubeti wa pili. Mama ananisikia kutoka jikoni. Kila mtu anadhani naogopa kuaibika tena mbele za watu. Naogopa kwamba Jumamosi nitaimba vizuri.