Kuku ya Bwana Yake

Kapinga, mujukulu wangu,

Pokea salamu kutoka Lubumbashi. Mama yako iko muzima, mvua inakawia kunyesha, na magoti yangu inaniuma.

Shefu amekuambia uandikie batumikaji ya kwamba kazi yao inaisha, na unaniuliza namna gani kubaambia bila kubaumiza.

Mu bujana nilikuwa karani ku kampani ya shaba. Mutumikaji moja akafia kazini, nikapewa kuandikia bibi yake ku Kasai. Unajua desturi yetu: kifo habaiandike mu barua. Nikaandika: “Mama, bwana yako iko mugonjwa, ukuje huku mbio.” Niliona ile ni huruma.

Alipanda treni siku nyingi. Akaingia mu biro yetu ya kazi na kuku muzima mu kitunga.

“Baba, lopitali iko wapi? Nimupikie, apate nguvu.”

Tulikuwa tumeshamuzika. Benzangu bote bakainamisha macho. Ile neno yenye niliogopa kuandika, nikaisema na kinywa, yeye akiniangalia, kuku ikilia.

Andika neno yenyewe mu mustari ya kwanza, mutoto wangu. Bantu bako basifike ku mulango ya kazi asubui na bya kula bya muchana mu mukono.

Nkambo yako