Mubirizi wa Bahasha ya Kumi na Saba

Kamembe, Rusizi
Jumanne asubuhi

Maman wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Magoti yamepoa? Na Papa, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ningekupigia, lakini simu yako haisemi tangu ianguke kwenye sufuria ya sombe, basi barua nimempa Maman Véronique, anayevuka mpaka na nyanya zake kila asubuhi pale Rusizi ya Kwanza. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na kabla ya kushika panga.

Umekuwa ukiniuliza ni kazi gani hii ya kusomea majani. Ndani ya jani zima, lisilo na ugonjwa wowote, huishi kuvu ndogo, kama mpangaji mpole ambaye mwenye nyumba hajui hata yupo. Nyingine hutengeneza dawa zake zenyewe. Sisi tunaosha jani kwa alkoholi na maji ya javel ili uchafu wa nje ufe, tunalikata vipande, kisha tunamngoja mpangaji atoke. Bosi wetu, Daktari Uwamwezi, aliyekulia huko huko Bukavu, hutazama visahani vyake vya kuoteshea kuvu zaidi ya anavyomtazama mumewe. Mume ndiye anayesema hivyo.

Majani ya kila mti huwa na bahasha yake yenye namba. Miezi mitatu iliyopita, kuvu kutoka bahasha ya kumi na saba iliua vijidudu vyote vilivyokuwa karibu nayo. Wataalamu wakaipima dawa yake, wakajibu kwamba haimo katika kitabu chochote. Maman, Daktari mzima alicheza ndombolo na koti jeupe! Shahada yangu yote imesimama juu ya kuvu hiyo.

Kisha kuvu ikagoma. Inaota vizuri, lakini dawa haitoi tena. Ikabidi tutafute majani mapya ya mti ule ule, na bahasha ilisema mubirizi, ule mti mchungu wa dawa, wa kumi na saba, kule msituni Bweyeye. Tumekwenda mara tatu kwa miguu. Mwenzangu Delphin aliacha kiatu kwenye matope. Hatukupata kitu, na Daktari akailaumu mvua, akalaumu majira, mwishowe akamlaumu Delphin.

Mimi nilibeba mfuko nyuma yao, nikijua tunakotafuta siko. Maman, leo natubu. Unakumbuka Jumapili ile tumbo liliponisumbua, ukanichumia majani ya mubirizi wako wa kando ya nyumba ya mbuzi? Mpakani walininyang'anya sashe ya plastiki, kama kawaida yao, nikayatia majani katika bahasha ya kazi niliyokwisha kuiandika namba. Kesho yake, Bweyeye, mti wa kumi na saba ulikuwa juu ya mteremko, nao ni mubirizi, na mvua inapiga. Nikautazama mti, nikaitazama bahasha, tayari imejaa. Nikasema mubirizi ni mubirizi, nikaipeleka kazini hivyo hivyo.

Kwa hiyo nilikudanganya niliposema nimeyanywa yakaniponya. Tumbo lilipoa lenyewe. Najua hilo litakuuma kuliko mengine yote. Nisamehe.

Jana Daktari alitangaza safari ya nne. Nilipomwona Delphin amevaa viatu vya kuazima, nilishindwa, nikasema yote. Nilingoja kufukuzwa. Daktari alivua miwani, akaniuliza neno moja tu: "Ile muti, Maman yako alishaikata?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba uliapa kuukata wiki hii ili upanue nyumba ya mbuzi. Nikalia mbele yake. Amesema kubaki kwangu kutategemea jibu lako, na kwamba safari hii majani yatavuka na karatasi zake zote za ruhusa.

Maman, weka panga chini. Kama umeshaukata, usiutie motoni hata kijiti, na uwafukuze mbuzi kwenye majani. Mpe Maman Véronique jibu leo leo, kabla hajavuka kurudi.

Nisalimie Papa, na dada Gracia na batoto wake. Ukinichumia tena, nitayanywa mbele ya macho yako, machungu yote, mpaka tone la mwisho.

Binti yako akupendaye,
Sandrine