Shamba la Majura, Mwaka Ambao Sikufika

Bwana Shamba,

Unisamehe, nakuita hivyo hata sasa. Mkeo alikuita hivyo, wanao walikuita hivyo, na siku ya mazishi mchungaji aliposoma jina lako la ubatizo watu tuliangaliana, kama vile anazikwa mtu mwingine. Miaka yote nimetembea nyuma yako na daftari kwapani, kumbe jina lako sijawahi kulitamka hata mara moja.

Mwezi huu nimepima magugu bila wewe kwa mara ya kwanza. Fremu yako niliifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira, na yule kijana dereva akaniuliza, "Mama, hili dirisha tunalipeleka kwa nani?" Nilicheka. Halafu tukiwa njiani nikalia, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake hakuniona. Fremu ile ya mbao, mita moja kila upande, imebaki bila mwenyewe na mimi nimebaki nayo.

Nimefanya kama ulivyonifundisha. Nimeligeuzia shamba mgongo, nikairusha fremu juu ya bega bila kuangalia, maana ulikuwa ukisema, "Ukichagua mwenyewe, utachagua pazuri." Kisha nikapiga magoti, nikahesabu magugu yaliyo ndani ya fremu, nikataja: ndago, kumi na nne. Nikanyamaza. Bwana Shamba, nilisubiri kweli. Kazi yetu ilikuwa ya watu wawili, mmoja anataja na mwenzake anarudia kwa sauti ndipo anaandika, namba isije ikapotea kati ya mdomo na kalamu. Ulitaja wewe, nikarudia mimi. Wakulima walituzoea mpaka wakawa wanatutania, wakiturudishia kutoka huko walikokuwa wanalima, "Ndago kumi na nneee!" Sasa nataja mwenyewe, narudia mwenyewe, naandika mwenyewe. Kule Mugango mama mmoja aliyekuwa anamwagilia nyanya zake aliniangalia muda mrefu, akaniuliza nimeanza lini kuongea peke yangu. Nilimwambia tangu mwaka jana baada ya mavuno. Akaelewa, akanipa pole na nyanya mbili.

Nikupe habari za mashamba, maana najua ndizo unazozisubiri.

La Bweri halipo tena. Wewe mwenyewe uliuona msingi ukichimbwa, ila sikutegemea kukuta geti. Nilipiga hodi, akatoka dada mmoja mpole, nikamweleza kwamba sebule yake ilikuwa mihogo, na kabla ya mihogo ilikuwa pamba. Akaniruhusu nirushe fremu uani. Ikatua kwenye saruji kwa kishindo, kuku wakatawanyika, na yule dada akashika kifua. Lakini kwenye ufa wa saruji palikuwa na ndago tatu. Nimeziandika. Najua ungezifurahia kuliko hata mwenye nyumba alivyoifurahia nyumba yake.

Butiama wananyunyizia dawa ya magugu kabla hata mahindi hayajaota. Nilirusha mara kumi, na mara kumi nikaandika hakuna. Mwenye shamba ana raha, na siwezi kumlaumu, kwa sababu mgongo uliokuwa unapinda hapo ni wake na wa binti zake, na binti zake sasa wako shule. Ila mimi nilijiona kama mtu aliyefika msibani wakati turubai limeshafunguliwa na viti vimerudishwa. Hata mgagani hakuna. Uliuhesabu kila mwaka na kuuandika kwenye orodha ya magugu, halafu ukauchuma na kuutia kwenye kofia ukapikwe mboga nyumbani. Mama Nyamisi aliniambia, "Bwana Shamba alikuwaga anarudi kofia imejaa. Wewe unarudi na makaratasi tu." Nikakaa na mkeo tukanywa chai.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kwa kurasa mbili na ungekuwa hai ungeshakohoa kunihimiza.

Kuna binti afisa ugani mpya, anaitwa Neema. Ni mtoto mwenye adabu na viatu vinavyoonyesha kwamba anaingia shambani. Alisikia habari za sanduku lako la bati, akaja kuniomba madaftari yote ayaingize kwenye kompyuta, ili watu waone magugu ya Mara yalivyobadilika tangu siku za jembe la mkono na pamba hadi leo. Alipofungua daftari la kwanza akashusha pumzi kama aliyeshika Biblia ya babu yake. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mama, zote hizi mlihesabu kweli?" Nikasema ndiyo. Usiku ule ule nilijua siwezi kumpa. Nikamwomba anisubiri mpaka nitoke Bunda.

Unakumbuka mwaka uliposhikwa na malaria ukanituma Bunda peke yangu, shamba la Majura? Ulikuwa umejifunika blanketi mbili mchana wa jua kali, na bado ukaniagiza nichonge penseli mbili, na nimwombe mke wa Majura arudie namba. Nilishuka Bunda stendi nikakutana na Wankuru, rafiki yangu wa shule. Kesho yake ilikuwa sendofu ya dada yake aliyekuwa anaolewa. Bwana Shamba, nilikwenda kucheza. Nilicheza siku nzima, siku iliyofuata mvua ikanyesha, na siku ya tatu ilibidi nirudi. Nilikaa kitandani kwa Wankuru, nikafungua ukurasa wa mwaka uliotangulia, nikanakili. Ndago nikaongeza kidogo. Sangari nikapunguza. Kwenye kiduha nikaandika kama ilivyokuwa: hakuna.

Ulipokea daftari ukaniambia nina mwandiko mzuri.

Mwaka uliofuata tulikwenda wote, na ule upande wa mtama ulikuwa wa zambarau kwa maua. Kiduha kila mahali, kimeishika mizizi ya mtama na kuinyonya, mtama umekonda na kunyong'onyea. Ulivua kofia. Ulisema, "Hiki hakiji kwa fujo hivi kwa msimu mmoja." Ukapekua daftari, ukaona mwaka jana hakuna, na kwa kuwa uliniamini, ukaanza kutafuta kilichobadilika katikati. Kilichobadilika ni kimoja tu. Ng'ombe wa Majura walikuwa wamekufa, akaazima ng'ombe na plau ya mdogo wake Bwire, baba mmoja mama mmoja, shamba lake liko upande wa pili wa mstari wa mikonge. Kwa Bwire kiduha kilikuwepo siku nyingi. Ukamwambia Majura kwa nia njema kabisa kwamba mbegu zilikuja na udongo ulioganda kwenye plau.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na daftari. Nilirudia kwa sauti, kisha nikaandika.

Tangu siku ile Majura hakumsalimu ndugu yake. Bwire alipomwoza binti yake, Majura hakukanyaga. Tulikuwa tunafika kila mwaka tunakunywa uji kwa Majura tu, na ng'ambo ya mikonge Bwire anatuangalia bila kutukaribisha. Na wewe kila mwaka, kabla ya kurusha fremu ya kwanza pale, uliniuliza, "Nyangeta, mwaka ule uliona mwenyewe?" Nikajibu, "Niliona, Bwana Shamba." Miaka na miaka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unatafuta jibu la kiduha au ulikuwa unanifungulia mlango. Ulipolazwa mara ya mwisho nilikaa pembeni ya kitanda nikisubiri uniulize, nikaapa moyoni kwamba safari hii nitasema. Hukuniuliza. Uliniuliza kama mvua imeanza.

Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba hukujua. Ni kwamba hata ningekuambia sasa, hakuna wa kurudia.

Basi nilikwenda Bunda. Nilimkuta Majura mzee kabisa, anapalilia kwa mkono, amekataa dawa kwa sababu anasema inamkohoza. Shamba lake limejaa kila kitu. Nilitaka kumaliza kuhesabu kwanza, nikaona huo ni ujanja ule ule, nikaiweka fremu chini. Nikamwambia yote, na sendofu nikaitaja. Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini. Nilitegemea atanifukuza. Alisema tu, "Mimi nilikuwaga namnyima hata salamu." Kisha akanyoosha kidole kwenye mikonge, "Nenda kamwambie mwenyewe. Mimi usinitume."

Nikavuka. Hatua zile ni chache lakini sikuwahi kuzipiga katika miaka yote. Bwire alikuwa anaparua maganda ya mihogo. Nikarudia habari yangu kuanzia mwanzo, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Nilimwambia kwamba siwezi kusema kiduha kilikuwepo kwa Majura mwaka ule, na siwezi kusema hakikuwepo. Sikufika. Hakuna anayejua, na sasa hakuna atakayejua, na kosa hilo ni langu peke yangu.

Akaweka kisu chini. Akasema, "Mama, mimi plau yangu nilikuwaga naiosha. Naiosha pale kwenye birika la ng'ombe kabla sijamwazimisha mtu. Nilisemaga hivyo siku ile ile. Wewe ulikuwa na kalamu. Kwa nini hukuandika?"

Bwana Shamba, nilikubali kwa kichwa. Ni kweli alisema. Nakumbuka alisema, akiwa amesimama pale pale kwenye mikonge, na wewe ulikuwa umeshageuka, na mimi niliifunga kalamu kwa sababu nilitamani tuondoke.

Akaomba kuona ukurasa. Nilikuwa nao. Nikafanya kama ulivyonifundisha, usifute, piga mstari mmoja ili cha chini kisomeke. Nikaukata mwaka ule wote, namba kwa namba, nikaandika pembeni: sikufika. Nikatia sahihi. Bwire akasema niandike na la kwake, kwamba aliosha plau. Hapo nikakwama. Sheria yako ni kwamba tunaandika tulichokiona, na mimi sikumwona akiosha. Nikamweleza hivyo, nikiogopa kwamba namtukana mara ya pili. Akafikiri, akasema, "Basi andika kwamba nimesema." Nikaandika: Bwire anasema aliosha plau. Akasema nisome kwa nguvu.

Nikasimama nikasoma kuelekea ng'ambo, kama tulivyokuwa tunataja ndago, "Bwire anasema aliosha plau!"

Niliona kofia ya Majura juu ya mikonge, haisogei. Tayari nilikuwa nimeinamisha kichwa kuandika tarehe niliposikia sauti yake, imekwaruza, polepole, kama mtu anayerudia ili isipotee:

"Aliosha plau."

Bwire aliinama akachukua kisu chake, akaendelea kuparua mihogo. Sijui kama walisalimiana baadaye. Sikukaa kuangalia, na sitaandika nisichokiona. Nilirudi kwa Majura nikamaliza kuhesabu. Kiduha bado kipo. Na kwenye kona ile ya chini palikuwa na mgagani mwingi, umetoa maua. Niliuhesabu, nikauandika, halafu nikauchuma nikautia kwenye kofia yako. Ndiyo, ninayo, mkeo alinipa, inanipwaya. Mama Nyamisi aliupika kwa maziwa siku ile ile. Tulikula wawili, na tulikuwa tumeweka sahani tatu bila kuambiana.

Madaftari nimemkabidhi Neema. Nilimwonyesha ukurasa wa Majura kwanza kabla hajafungua mwingine wowote, na safari hii nilipomwambia mengine yote tulihesabu, nilimwangalia usoni. Aliuliza kwenye kompyuta aweke nini mwaka ule. Nilimwambia aache wazi. Amesema msimu ujao akipata nafasi atakuja kunirudishia namba siku moja, lakini ana vijiji vingi na pikipiki mbovu, kwa hiyo simtegemei sana.

Nimekuwa mpweke kuliko nilivyofikiri mtu anaweza kuwa katikati ya shamba lenye watu. Nilidhani nitakikosa kikohozi chako, au hadithi zako za pamba. Kumbe ninachokikosa ni kutajiwa.

Kwaheri, Bwana Shamba. Msimu ujao nitairusha tena juu ya bega, Mugango, Butiama, Bunda, na uani kwa yule dada wa Bweri kama kuku wake wataniruhusu. Nitataja kwa sauti, na kabla ya kuandika nitanyamaza kidogo. Kimya hicho ni chako. Na mwaka nitakaoshindwa kufika, kwa ugonjwa au kwa uzee au kwa miguu kukataa tu, nitaandika sikufika.

Mimi mwandishi wako,
Nyangeta