Benitye Ilikufa, na Mama Mudogo Akaitwa Mulozi

Lubumbashi, Hewa Bora

Mama yangu mupendwa,

Jambo sana, mama. Uko muzima? Mugongo imepoa kidogo? Siye huku tuko tunapumua, ni Mungu tu. Najua unatafuta kwanza habari ya macho ya Mama Mudogo Feza, ndugu yako. Munganga alimupatia dawa na anaanza kuona muzuri. Lakini iko jambo ingine, na sitaki uisikie ku soko mu kinywa ya bantu. Ikala chini kwanza.

Unajua kaka yangu, Yaya Gaston, mu salon yake iko na aquarium, sanduku mukubwa ya vioo. Maji yake ni ya chumvi, anaichanganya yeye mwenyewe ikuwe kama ya bahari. Ndani aliweka samaki, bakonokono badogo, na benitye mbili, mukubwa na mudogo. Ni nyama ya bahari yenye kukala mu makoko mawili, maganda magumu, na mwili yake iko bleu kama kitenge mupya. Banaiita vile kwa sababu makoko ya ile mikubwa sana, zamani bamapadri baliiweka ku mulango ya kanisa na maji ya baraka ndani. Kivuli yako ikipita tu, inafunga. Courant ya umeme ikikatika, Yaya anakimbilia batterie ya aquarium mbele ya kutafuta bougie, mushumaa ya kutuangazia siye.

Mama Mudogo alipofika kutoka Mitwaba, alimupatia Yaya ule musalaba ya mukuba, shaba ya kwetu, wenye babu nkambo aliacha. Yaya alifurahi sana! Aliusugua na ndimu mpaka ukang'aa, akausimamisha mu muchanga katikati ya benitye, wageni bote bauone. Siye bote tulipiga makofi.

Kisha siku kidogo, ile benitye mukubwa ikabakia wazi. Nilipitisha mukono juu yake: haikufunga. Mwili yake ilijikunja, ikakuwa nyeupe, na harufu ikaanza kutoka. Hata bakonokono badogo ba ndani bakaanguka bote. Lakini samaki, mama, balikuwa banaogelea tu kama kawaida. Njo kile kilitutisha. Nini inaua huyu na inaacha huyu?

Shemeki Nathalie, bibi ya Yaya, alisimama pale, mikono ku kichwa. "Kintu ya maji ya baraka inakufa mu nyumba yangu," anasema. "Ilianza toka nani aingie humu? Museme! Toka nani aingie?"

Mama Mudogo alikuwa anachambua majani ya sombe. Aliinua macho, hakuelewa kama banamusema yeye.

Mama, nilifikiri ni kasirani yenye itapita. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi, sakoshi ya nguo ya Mama Mudogo ilikuwa inje, bitenge byake mu vumbi, na majirani bamejaa mu parcelle, mu kiwanja ya nyumba. Mwanamuke moja, ule tunasali naye ku communauté ya kanisa, anapiga kelele, "Mulozi! Atoke!" Kijana moja alikuwa na jiwe mu mukono. Jiwe, mama! Kwa ndugu yako! Niliacha bidon ya maji ikaanguka, nikasimama mbele yake. Mama Mudogo alikuwa ananishika ku mugongo na kuuliza pole pole, "Solange, nilifanya nini? Uniambie, nilifanya nini?"

Saa ile Yaya akafika na rafiki yake mwenye kukala Karavia, Papa Emile, mwenye kufuga benitye naye. Yaya alikuwa ameenda kumutafuta aje kuona ile benitye yenye kufa. Bakapenya mu bantu, bakaingia. Papa Emile aliangalia mu kioo, akashtuka.

"Gaston! Nani aliweka mukuba mu maji?"

"Ni mimi. Kwa nini?"

"Chumvi inakula mukuba, na ile mukuba inaingia mu maji. Samaki anaweza kuvumilia kidogo. Benitye na konokono, hapana. Kwabo ni sumu. Toa! Toa sasa hivi!"

Yaya alikala chini ku simenti kama muntu mwenye bamepiga. Siye bana ba Katanga, mukuba ilitusomesha, ilitujengea. Nani angefikiri? Kisha akasimama, akatoka inje na ule musalaba unatiririka maji, akapaza sauti mbele ya bote: "Ni mimi niliua! Huyu mama alileta zawadi. Mukinitafutia mulozi, ni mimi!"

Kijana aliangusha jiwe. Bantu balienda moja moja. Hakuna mwenye aliomba musamaha. Bale balikuwa banapiga kelele, kesho yake balitusalimia kama hakuna kintu.

Ile mudogo Papa Emile aliibeba ku maji yake, na inaishi. Mukubwa tuliizika nyuma ya nyumba.

Shemeki alipiga magoti, akakusanya bitenge yeye mwenyewe, akabifua. Mama Mudogo alimuinua. "Nimekusamehe, Nathalie," anasema. "Lakini miguu yangu inakataa kuingia." Toka ile siku analala kwetu, mu annexe, kachumba ka nyuma, na mimi. Mulango ukigongwa, anashika sakoshi yake. Mimi mpaka sasa nikisikia bantu bengi inje, naenda kufunga mulango. Sikujua kama benye kuweza kupiga muntu jiwe balikuwa karibu vile.

Usalimie baba, na yaya yangu wa kwanza na bana bake, na mama ya ubatizo wangu. Umwambie katekista atuombee.

Mama Mudogo atapanda ku camion, lori ya kwanza yenye kuenda Mitwaba. Atakuambia anarudi kulima. Umukubalie vile, usimuulize habari ya jiwe.

Mutoto wako,
Solange